Ngoma ya Kulia

Kitu cha kwanza nilichokiogopa Iguhu kilikuwa ngozi ya kenge. Nilikuwa nimeolewa miezi mitatu tu, nimeletwa kutoka Pumwani, Nairobi, kwa wakwe ambao lugha yao sikuijua, na mume wangu alikuwa amekwisha kurudi Kisumu kwenye kazi yake ya reli. Nyuma ya nyumba kubwa palikuwa na kibanda cha udongo ambamo baba mkwe aliweka ala zake za muziki. Nilipotumwa kukifagia, nikaona ngoma mbili ndefu zimetundikwa ukutani kwa mikanda, na kila moja imewambwa ngozi ya yule mnyama, magamba yakionekana wazi. Nilifagia mlangoni, nikarudi jikoni nikasema nimemaliza.

Baba mkwe alikuwa mpiga tarumbeta katika bendi ya jeshi la mkoloni. Alikwenda vitani hadi Burma, akarudi mzima, isipokuwa kwa ugonjwa mmoja: hakuweza kuona ala ya muziki haina mwenyewe akaiacha. Alikuwa na kodiani mbili alizozipata kwa Mhindi aliyekuwa akifunga duka, gitaa lisilo na nyuzi, gramafoni yenye pembe lakini haina sindano, kinanda cha kanisa kilicholiwa na mchwa miguuni, litungu la nyuzi alilobadilishana kwa mbuzi, na fidla ya uzi mmoja wanayoiita shiriri. Nusu ya vitu hivyo havikutoa sauti yoyote, na nusu nyingine ingekuwa heri visitoe. Lakini yeye alivijua kimoja kimoja kama mtu anavyowajua ng'ombe wake.

Kisha Uhuru ukaja, na mwaka uliofuata mzee akapata shamba kwenye skimu huko Lugari, mahali palipokuwa pa mzungu. Mvua zilikuwa karibu, kwa hiyo mama mkwe akatangulia ili mahindi yasichelewe. Sisi tungefuata na lori, safari moja tu. Dereva alikuja kuangalia mizigo, akakubali vitanda, magunia, mabati na milango, halafu akachungulia kile kibanda na kusema wazi kwamba yeye habebi bendi. Mzee angechagua vichache, vingine vigawiwe watu. Na mtu wa kumsaidia kuchagua alikuwa mimi, kwa kuwa hakubaki mwingine.

Hapo ndipo shida yangu ilipoanza. Kwa desturi yao, mke wa mwana haketi na baba mkwe, hamshiki mkono, wala hamtazami usoni. Akija kwa njia hii, mimi napita ile. Juma la kwanza nilipofika, aliniambia neno nisilisikie vizuri, nikamwomba arudie. Mama mkwe alinivuta kando akaniambia kwa upole kwamba mzee harudishiwi maneno yake kinywani. Tangu siku hiyo, kila alichosema nilikijibu "Ndiyo, baba," nikaenda kutafuta maana yake mwenyewe.

Basi tulifanya kazi ile ukuta ukiwa katikati yetu. Yeye aliketi nje kwenye kigoda, ameegemea ukuta wa kibanda, kwa sababu miguu ilikuwa imemvimba na macho yameingia ukungu. Mimi nilikuwa ndani na kipande cha mkaa, naandika kwenye kila kitu jina la mahali kinapokwenda. Alisema nami Kiswahili cha jeshini, kifupi kama amri, na r mahali pa l.

"Kodiani kubwa, kanisa ra Khwisero."

"Ndiyo, baba."

"Kinanda, acha. Mchwa wamarize."

"Ndiyo, baba."

Kati ya kitu kimoja na kingine nilisikia pumzi zake kupitia kwenye nyufa za udongo. Kila kitu kilipopata mwenyewe mpya sauti yake ilishuka kidogo, na mimi nikaanza kuogopa kwamba tutakapofika mwisho haitabaki sauti yoyote. Nilimhurumia, lakini zaidi niliogopa kukosea.

Mwisho tukafika kwenye zile ngoma mbili.

"Mwarimu wa Marava ariomba moja ya shure," akasema. "Ya kuria ibaki. Ndiyo nitaenda nayo."

"Ndiyo, baba."

Nilikuwa nimezoea kuzirudisha r zake ziwe l, nikajiona hodari. Kulia. Swali lilikuwa moja tu: kulia kwa nani? Nikasimama pale jasho likinitoka, napima. Mimi ndani niliukabili ukuta ule zilipotundikwa ngoma, na yeye nje aliupa mgongo ukuta huo huo. Kwa hiyo sote wawili tulitazama upande mmoja, na mkono wake wa kulia ulikuwa upande wa mkono wangu wa kulia. Nilijipongeza kwa akili hiyo. Mtoto wa mjini bwana, nikajiambia.

Ngoma ya kushoto ilikuwa kubwa na kuukuu kuliko mwenzake, mti wake umekuwa mweusi kwa kushikwa, na mkanda wake umeshonwa upya mara nyingi. Nilipoishusha moyo ulisita kidogo. Lakini nilikuwa nimekwisha kufanya hesabu yangu ya mikono, na isitoshe, ngozi yake ndiyo iliyonitisha zaidi. Kesho yake mwalimu alikuja na baiskeli, akaifunga nyuma kwa mpira, akaenda zake. Ya kulia niliiviringisha kwenye blanketi, nikaiweka ndani kabisa ya lori, chini ya magunia.

Lugari palikuwa na baridi na upepo, na nyumba yetu ilikuwa na paa nusu. Mizigo mingi ilikaa bila kufunguliwa tangu kupanda mpaka palizi. Kufikia mwezi wa tano mzee hakutoka tena kitandani bila kushikwa. Alikohoa usiku na mchana, na ukuta wa chumba chake ulikuwa ndio ukuta wa jiko letu, kwa hiyo kila kikohozi nilikisikia mgongoni. Siku moja alimwambia mama mkwe aitoe ngoma aipashe jua, ngozi isije ikaoza. Mama akavuta blanketi kutoka chini ya magunia, akafungua.

"Nyingine iko wapi?" akaniuliza.

"Alipewa mwalimu wa Malava. Baba alisema ya kulia ibaki."

Aliketi juu ya gunia. "Mwana wanje," akasema, maana yake mwanangu, na alisema polepole sana. "Ya kuria. Ya kuriria watu. Ya kirio."

Sikumbuki niliketi au niliendelea kusimama. Mama akanieleza, bila hasira, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Kwingine ngoma hizi, isukuti, ni zile zile kwenye harusi na kwenye matanga, lakini nyumba hii ilikuwa na sheria yake. Ile kuukuu ilimzika baba yake mzee, ikawazika ndugu zake wote, na haikutolewa kwa jambo jingine. Niliyoileta mimi ilikuwa ya harusi. Mzee mwenyewe alishasema kwamba hii ikipigwa siku yake, watu watakuwa wanashangilia kufa kwake. Ndiyo nitaenda nayo, alisema. Mimi nilidhani anazungumzia Lugari.

Nimeogopa vitu vingi maishani, na vingine vilistahili kuogopwa kuliko hicho. Lakini sijapata tena kuogopa kama siku zile. Kila asubuhi mzee aliuliza kutoka kitandani, "Ngoma iko?" na mama mkwe alijibu, "Iko," na haukuwa uongo, kwa sababu ngoma ilikuwapo. Mimi nilisikiliza nikiwa na mwiko mkononi, ugali ukiungua. Niliogopa akiuliza. Siku aliyochelewa kuuliza niliogopa zaidi. Niliona wazi namna mambo yatakavyokuwa: atakufa, watafungua blanketi, wazee watauliza ni nani aliyegawa ngoma ya kilio, na mume wangu atanirudisha kwa mama yangu Pumwani na sanduku langu. Sikuwa mtu wa kuamini laana. Pumwani tulizicheka. Ila Pumwani hakuna aliyekuwa akikohoa nyuma ya mgongo wangu.

"Mzee huyu anangojanga," mama mkwe akaniambia mwishowe. "Nenda kabla hajachoka kungoja."

Nilitoka alfajiri na ile ngoma ya harusi ndani ya blanketi, kwa kisingizio kwamba naenda zahanati. Ndani ya basi la kwenda Malava kila gari lililotujia mbele nilidhani limeleta habari, ingawa habari yoyote ya nyumbani ingekuwa inatoka nyuma. Mtu mwenye hofu hana akili ya kupima pande, na mimi nilishathibitisha hata nikiwa nayo haisaidii.

Shule niliiona kwa mbali, na kabla sijaiona niliisikia. Ngoma ilikuwa inapigwa, na watoto wanapiga gwaride uwanjani. Nilipokaribia nikaona ngoma imepakwa rangi ya mafuta kutoka juu hadi chini: nyeusi, nyekundu, kijani, na mistari myeupe katikati, kama bendera. Mwalimu alinipokea kwa furaha, akaniambia ni kwa ajili ya sherehe za Madaraka, na kwamba amechanganya ile kijani mwenyewe. Nilimweleza kosa langu. Alinisikiliza ameshika kofia yake, akaniangalia, akaiangalia ngoma.

"Nilijiuliza," akasema. "Watoto wakiipiga hii wanaburuta miguu. Nimewachapa bure."

Akaipiga ile ya harusi mara mbili, watoto wakacheka, na tukabadilishana. Aliomba radhi kwa rangi. Nilimwambia si kitu, na kilikuwa kitu kikubwa sana.

Nilirudi jua likiwa limeanza kulala upande wa pili wa mahindi. Kutoka kwenye njia nikaona watu wamesimama mlangoni kwetu. Nilisimama. Nakumbuka niliiweka ngoma chini katikati ya mahindi nikafikiri kuiacha hapo, nigeuke, nirudi barabarani na kupanda gari lolote. Kisha mmoja wao akasogea, nikamwona mzee. Walikuwa majirani waliombeba kumtoa nje kwenye kigoda chake, na uso wake ulielekea njia niliyokuja nayo.

Mama mkwe hakunitazama. Nikajua amesema yote.

"Mama," mzee akaniita, kama wanavyowaita wake za wana wao. "Irete hapa."

Niliiweka miguuni pake nikageuka, nikampa mgongo kama desturi inavyotaka. Nilisikia viganja vyake vikipita juu ya mti, vikisimama, vikipita tena.

"Inanuka rangi. Rangi gani?"

"Nyeusi, baba. Nyekundu. Kijani. Na nyeupe kidogo."

"Ya bendera."

"Ndiyo, baba."

Akaigonga kwa vidole, mara moja, halafu mara tatu. Sauti ilikuwa ile ile, nzito, na majirani wakaacha kuzungumza. Mgongo wangu ulikuwa umekakamaa nikingoja neno litakalofuata.

"Kwa nini hukuuriza?"

"Niliogopa, baba."

Nikasikia kiganja chake kikirudi juu ya ngozi.

"Mimi pia niriogopa," akasema. "Nirikuwa niseme ngoma ya matanga yangu. Neno rikanishinda. Nikasema ya kuria."

Alikataa rangi ibanduliwe, na ngoma ikawekwa nyuma ya kitanda chake, karibu na kichwa. Asubuhi hakuuliza tena kama iko. Mimi niliendelea kuogopa, kwa mazoea tu, na kila nilipopika nilisikiliza ukuta.

Alikufa mahindi yakiwa yamebeba lakini hayajakauka. Wapigaji walikuja kutoka Iguhu na lori, na mama mkwe alikuwa ameketi chini na wanawake. Nami nilikuwa mlangoni, macho makavu kabisa, nikiona wanavyonitazama. Mke wa mwana asiyelia hukumbukwa muda mrefu, na nilijua hivyo, na kadiri nilivyojua ndivyo machozi yalivyozidi kukataa. Hofu ilikuwa imekaa mahali pake.

Mkubwa wa wapigaji, mtu mzima mwenye mvi, akanijia.

"Ngoma ni ipi?" akaniuliza.

"Ya kulia," nikamjibu.

Akaitikia kwa kichwa, kwa heshima, hakutaka kunirudishia neno. Kisha akageuka akaanza kuitafuta upande wa kulia wa mlango. Hapo ndipo nilipolia.