Jiwe la Nyanjige Lina Meno

"Futa! Nani kakwambia mimi nalainisha mawe?"

Mwalimu Josia alikuwa barazani kwake mjini Bariadi, kompyuta mapajani, chai haijafika mdomoni. Akasema, "Karibu kiti, mayu," kama Wasukuma wanavyomwita mama.

"Sikuja kukaa. Nimekuja unitoe kwenye hiyo mashine yako."

Nyanjige wa kijiji cha Sapiwi alimaliza darasa la saba, akaolewa, akafiwa na mume, akabaki na watoto wanne na mikono miwili. Mikono hiyo ndiyo iliyosomesha watoto. Hununua mawe meusi, mazito, kwa wachimba kokoto, akayafanya ya kusagia. Mashine za unga zimejaa kila kona, sawa, lakini nani apeleke viganja viwili vya karanga za mboga mashineni? Ataaibika. Jiwe lake hulitia meno: huligonga uso kwa jiwe dogo gumu, tundu baada ya tundu, mpaka likwaruze kama ulimi wa ng'ombe. Likiisha makali unalirudisha, analigonga upya. Miaka thelathini, hakuna aliyelalamika.

Kisha akaja Josia, mwalimu wa jiografia, mtu wa kuandika makala kwenye ensaiklopidia ya Kiswahili ya mtandaoni. Akampiga picha kazini, akaitia kwenye makala ya basalti, na chini yake akaandika: "Nyanjige wa Sapiwi akilainisha jiwe la basalti ili lisage vizuri."

Gloria, bibi harusi mpya, akaisoma kwenye simu. Alikuwa na jiwe la Nyanjige, zawadi ya mama yake. Akalisugua kwa mchanga na jiwe jingine wiki nzima mpaka likang'aa kama sahani. Siku ya kupikia wakwe akamwaga karanga, akasukuma. Karanga zikakimbia uani, kuku wakashukuru. Mama mkwe akatangaza gulioni kwamba Nyanjige anauza sahani. Tangu hapo wiki tatu, hakuna aliyebisha hodi.

"Mayu, nakuamini," Josia alisema. "Lakini siwezi kuandika kwa sababu wewe umesema. Kuna sheria. Kila neno liwe na chanzo: kitabu, utafiti, kitu kilichochapishwa."

"Na mikono yangu haijachapishwa."

"Haijachapishwa."

"Haya." Sasa akavuta kiti. "Nisomee makala yote. Kama hayo ya kulainisha yana chanzo, nakusagia debe zima la karanga, bure. Kama hayana, unasaga wewe. Juu ya jiwe."

"Debe zima?"

"Unaogopa nini? Si una sheria?"

Josia akacheka, akakubali, akasoma. Basalti ni mwamba wa volkano, hutokana na lava iliyopoa haraka.

"Chanzo?"

"Kipo. Kitabu cha jiolojia, namba moja hapa."

"Songa."

Hutumika kwa kokoto za barabara. Chanzo kipo. Ni jiwe gumu kuliko yote duniani.

"Chanzo?"

Josia akakuna shingo.

"Gumu kuliko yote, na mimi nalitoboa kwa jiwe mwenzake? Toa, mwanangu, usinichekeshe."

Akatoa. Wakafika kwenye picha. Nyanjige akaigonga skrini kwa kidole.

"Nilidhani..." Josia alianza. "Nilikuona unagongagonga, nikadhani..."

"Ulidhani! Mimi nimefanya miaka thelathini, ninadaiwa kitabu. Wewe umedhani dakika tano, umechapishwa. Hiyo sheria yako inauma upande mmoja tu?"

Mwalimu akaifuta sentensi.

"Umetoa uongo, hujaweka ukweli."

"Habari ya meno nitaitafutia kitabu. Kwa sasa naandika kinachoonekana." Akaandika, akamsomea: "Nyanjige wa Sapiwi akigonga uso wa jiwe la kusagia kwa jiwe dogo ili uwe na mashimo."

"Rudia."

Akarudia.

"Sasa mtumie Gloria. Mwambie aje Jumamosi na sahani yake, na mkwewe."

Jumamosi Josia alikuta debe la karanga zilizokaangwa linamngoja nyumbani kwa Nyanjige, Sapiwi. Gloria alikuwepo, jiwe lake limewekwa chini, mama mkwe amejikalia pembeni. Nyanjige akaligonga mbele yao, vumbi jeusi likimpanda usoni. Alipomaliza akamsukumia mwalimu.

Josia alipiga magoti, akasaga. Karanga hazikukimbia. Zilikamatwa, zikasagika, zikatoa mafuta. Mama mkwe akachovya kidole, akalamba, akachovya tena.

"Langu nalo limeisha makali," akasema, akitazama kwingine. "Nitalileta kesho."

"Lete mapema," Nyanjige alisema.

Kufika kiganja cha tano, malengelenge yalikuwa yamepasuka mikononi mwa mwalimu. Akalitazama debe: halijapungua hata kidogo.

"Mayu, hili lote?"

Nyanjige akalivuta debe, akalifunika kwa ungo.

"Lililobaki nimekusamehe. Toka hapo, unavyosaga utaniharibia jiwe la mtu."