Funda la Kwanza la Kasiksi

Kama hukuwahi kunywa kwa Maman Eulalie kule Kasha, Bukavu, pole yako. Kasiksi yake, pombe ya ndizi, ilisifiwa mpaka Minova. Na desturi ilijulikana: mwenye kupika anapiga funda la kwanza mbele ya mgeni, ndipo mgeni anapokea. Bukavu watu wanaogopa karuho, ile sumu ya kuua polepole, kuliko risasi. Eulalie hakuwahi kuruka funda hilo, hata akiwa na homa.

Vita ikaja. Jeshi lililoshika mji lilichoka kukimbizana na waasi milimani bila kujua njia. Likawataka Mai-Mai, vijana wa vijijini waliochanjwa dawa ya kuzuia risasi, walisaidie. Mkubwa wao alikuwa Akonkwa, mdogo wake Eulalie, ambaye Eulalie alimlea mgongoni mama yao alipokufa.

"Maman, utuletee kasiksi," Komanda Polycarpe, mkubwa wa lile jeshi, alimwambia Eulalie. "Bila pombe watu wa huku hawapatani."

Eulalie akapeleka bidoni, dumu zima la pombe, kambini. Askari mlangoni wakamnyang'anya. "Acha hapa, urudi kesho." Pombe ya mtu inalala kwa askari kwa nini? Mwaka uliopita chifu mmoja aliitwa kula na wakubwa kama hao, akarudishwa kwa machela.

Kesho yake Akonkwa na watu wake walikaa upande mmoja, askari upande mwingine, hakuna aliyeweka bunduki chini. Bidoni ikaletwa. Eulalie alikuwa ameiziba kwa jani la mgomba, jani halipo. Haya sasa!

"Onja, Maman," komanda akacheka.

Eulalie akamimina kwenye kibuyu. Hakuogopa kufa yeye. Lakini karuho haiangushi mtu palepale: angeonja akabaki amesimama, na Akonkwa angekunywa kwa kumwamini dada yake.

"Hapana, Komanda. Hii pombe ililala kwako. Wewe ndiye ulituita, wewe kunywa kwanza."

Polycarpe akamkazia macho, akapokea kibuyu, akakimaliza chote.

"Askari wangu ni wezi tu," akasema akipangusa mdomo. "Jana walikunywa kidogo."

Wakapatana, ingawa Akonkwa hakugusa pombe siku ile. Wiki zikapita, komanda mzima kama ng'ombe. Eulalie akamshukuru Mungu, akaona aibu kidogo, akapika tena.

Siku Akonkwa alipokuja kumsalimu, Eulalie alimimina ya kwanza, akapiga funda, akampa kwa mikono miwili. Akonkwa hakunyoosha mkono. Akatoa chupa ya maji mfukoni.

"Yaya, dada yangu, siku ile uliogopa pombe yako mwenyewe. Kwa nini?"

"Nilikuwa nakulinda wewe!"

"Ao askari walikutuma uniwekee karuho, kisha roho ikakusuta?"

"Akonkwa! Nilikubeba mgongoni!"

"Ndiyo maana nimekuja kuuliza," akasema. Akainuka, akaenda zake.

Eulalie alikunywa kile kibuyu chote mwenyewe, akilia, mlango wazi ili majirani waone.