Gacheri na "Mungu Akipenda"

Kanisa letu lilimkataza Gacheri, mwalimu kutoka Meru aliyehamishiwa Garissa, kusema "Mungu akipenda." Mchungaji alifundisha kwamba muumini amepewa mamlaka ya Mungu mwenyewe: haombi, anaamuru. Kusema "akipenda" ni shaka, na shaka huzuia uponyaji. Hebu fikiria, kufundisha hayo katika mji ambao hata muuza miraa hapangi kesho yake bila inshallah!

Kisha Elkanah, mumewe, akaanza kubanwa na kifua. Kila asubuhi Saado, jirani yao hapo mtaa wa Waberi, aliwaletea maziwa ya ngamia. "Abaayo, dada yangu, atapona, inshallah."

"Usiseme hivyo," Gacheri alimkosoa. "Ameshapona."

Alipozidiwa, Gacheri alimpeleka hospitali. Daktari akamuuliza anaumwa wapi. Kwa kuwa kanisani kukiri ugonjwa ni kuukaribisha, Elkanah alijibu, "Siumwi popote." Wakarudi nyumbani bila yeye kupimwa. Akafa wiki hiyo hiyo.

Baada ya mazishi Gacheri alisoma waraka wa Yakobo, unaosema wazi kwamba tuseme Bwana akipenda tutaishi. Alimpelekea mchungaji Biblia ikiwa imefunguliwa kwenye mstari huo. Mchungaji hata hakuitazama.

"Nyumbani kwako kulikuwa na mwenye shaka," alisema.

Saado bado huleta maziwa. "Mungu atakufariji, abaayo, inshallah."

Gacheri hamkosoi tena. Sasa anajua kwamba anaweza kusema "Mungu akipenda," ila hana tena jambo ambalo angetaka Mungu alipende.