Mlango Uliofungwa Mchana

Juzi nilikuwa kwa fundi wangu wa cherehani hapa Rosettenville, akipinda gauni langu, simu yake ikaita. Akaiweka spika. Alikuwa kaka yake, aliyerudi kijijini Muheza baada ya miaka mingi ya ulinzi hapa Johannesburg.

“Dada, nikifunga mlango mchana, majirani wananiletea uji. Wanadhani naumwa.”

“Si uwaambie huumwi, kaka? Ni mazoea ya huku tu.”

“Nitawaambia. Ila kesho ni zamu ya yule mama anayetia tangawizi.”

Fundi akacheka mpaka akafuta machozi kwa gauni langu, nami nikamwacha.

Jioni nilifunga makomeo yangu yote matatu, kama kawaida. Hakuna aliyedhani naumwa.