Bustani Iliyoliwa kwa Heshima

Nilipoolewa kijijini Murungu, mama mkwe alinionyesha kipande cha ardhi nyuma ya jiko lake, kisichozidi ukubwa wa mikeka michache, akaniambia siku atakayokula mboga niliyoipanda mwenyewe ndiyo siku nitakayopewa jiko langu. Mpaka hapo nipike kwake, kwa chungu chake, na chumvi aitie yeye. Chumvi ndiyo iliyonikera zaidi. Mimi ni mtoto wa dukani, Kasulu mjini. Nimekua nikipima chumvi, halafu mtu ananinyang'anya kijiko.

Basi mvua za kwanza zilipogusa ardhi, ramani yangu ilikuwa tayari kichwani. Mchicha karibu na mlango kwa sababu huliwa mapema, nyanya chungu katikati, vitunguu pembeni. Nilichanganya udongo na samadi na majivu, nikaweka kitalu cha nyanya chungu chini ya kivuli cha majani ya mgomba. Mume wangu aliniletea debe la mafuta lililouzwa na wakimbizi wa kambini, akalitoboa kwa msumari, likawa la kumwagilia siku mvua ikikawia. Mchicha uliota kama umeitwa.

Tatizo lilikuwa shangazi wa mume wangu na mbuzi wake.

Shangazi alipita kila asubuhi akimpeleka mbuzi malishoni, na njia yake iligusa bustani yangu. Sasa, salamu za Waha, watu wa huku kijijini, si za kurushiana huku mnatembea, kama tulivyozoea mjini. Unaacha ulichoshika, unainama, unapiga makofi taratibu kwa viganja vyote viwili, na ukiwa mke mgeni unajibu huku umetazama chini. Kukatisha salamu ya mkubwa ni kutangaza kwamba kwenu hamkulelewa. Kwa hiyo mimi niliacha jembe, na shangazi naye akaachia kamba, kwa sababu huwezi kupiga makofi ukiwa umeshika mbuzi.

"Mwakeye," anaanza.

"Mwakeye, shangazi."

"Mmeamkaje? Mume wako ameamkaje? Na mama mkwe, na mgongo wake? Kwenu Kasulu wazima? Baba yako? Mama yako? Ng'ombe?"

Kwetu hatukuwa na ng'ombe hata mmoja. Nilijibu kwamba ng'ombe ni wazima, huku nikisikia nyuma yangu meno ya mbuzi yakisaga jiko langu. Tulipomaliza, shangazi akatazama, akasema, "Eh, huyu mbuzi hana adabu," akaokota kamba, akaenda zake.

Nilipanda upya. Akaja upya. Nilizungushia miiba, mbuzi akapata pa kupenya. Nikajificha jikoni, shangazi akanifuata mlangoni kunisalimia, na mbuzi akabaki peke yake na mchicha. Nilipomweleza mume wangu, alicheka mpaka akakaa chini. Mama mkwe alisema tu kwamba shangazi ni mtu wa heshima sana. Mimi sikucheka. Nilikuwa na hasira ya kweli, ile inayokunyima usingizi, kwa sababu majirani walishaanza kusema mke wa mjini hawezi kuotesha hata mchicha.

Ndipo nilipoamua kuwa na heshima kumshinda shangazi.

Asubuhi moja nilimchukua beberu wa mama mkwe, nikasema nampeleka malishoni, nikaenda moja kwa moja kwa shangazi. Maharage yake yalikuwa yametoa maua, mistari imenyooka, na yeye mwenyewe alikuwa anapalilia. Nikasimama pembeni, nikaachia kamba, nikainama, nikaanza makofi.

"Mwakeye, shangazi. Mmeamkaje? Miguu imeamkaje? Na yule mbuzi wako, ameamkaje?"

Akaweka jembe chini. Macho yangu yalikuwa ardhini kama inavyotakiwa, lakini yeye alikuwa ametazama mbele, na aliona kila kitu. Nilimuulizia watoto wake mmoja mmoja, hadi yule aliyeolewa Kakonko. Nikaulizia kuku. Sauti yake ilibadilika kidogo tulipofika kwenye kuku, lakini hakukatisha. Alijibu kila swali kwa ukamilifu, na hapo nikaanza kumpenda, jambo ambalo sikulipanga. Nilipoishiwa watu wa kuulizia, akaanza yeye kuniulizia wa kwetu, polepole, bila kuruka hata mmoja.

Kisha akaenda kumshika beberu pembe, akamtoa kwenye maharage, akanikabidhi kamba.

"Twende kwa mama mkwe wako," akasema.

Njiani nilimvuta beberu nyuma yake. Nilishajiona nimerudishwa Kasulu na sanduku langu, baba akiniuliza nimefanya nini, nami nikimjibu kwamba nilisalimia. Tulipofika, mama mkwe alitoka nje akifuta mikono, wakasalimiana kwa urefu wote, mimi nimesimama na beberu nikingoja hukumu.

"Mpe huyu jiko lake leo," shangazi akamwambia. "Hana chake cha kuharibiwa, ndiyo maana haogopi mtu. Akiwa na chake, naye ataogopa, na maharage yangu yatapona."

Mama mkwe alinitazama, akamtazama beberu, akaelewa, akaanza kucheka. Mafiga matatu aliyachagua shangazi mwenyewe, akanibebesha yote.