Asubuhi Niliyonyoosha Mkono

Nitasema mapema, ili mtu asije akanionea huruma bure: mkono ulionyooshwa asubuhi ile mjini Mbale ulikuwa wangu, na mtu aliyevunjwa mguu hakuwa amenikosea lolote. Wanaonijua kwa mbali husema mimi ni mwalimu mpole. Waongo wakubwa. Nina hasira za karibu tangu utotoni, na woga wangu uko karibu zaidi.

Nilianza kukimbia kwa sababu ya tumbo. Napenda kula, sioni haya kusema. Nilipokuwa nasoma katika nchi ya baridi, chakula cha chuoni kilikuwa viazi vya kuchemsha na nyama isiyojua chumvi, kwa hiyo nikawa najipikia mwenyewe: wali wa samli, maharage ya nazi ya kopo, chapati tano kwa mpigo. Mwaka wa pili suruali zikagoma kufunga. Daktari akaniangalia, akaniambia nichague kati ya sufuria na moyo wangu. Nikaona bora nikimbie, nibaki na vyote viwili.

Nikakimbia kwenye theluji, kofia ya sufu imeshuka hadi kwenye nyusi, pua haina habari na mimi. Baridi haikunishangaza. Kilichonishangaza ni kwamba hakuna aliyegeuka kunitazama. Mzee anakimbia na mbwa wake, mama anakimbia huku anasukuma kigari cha mtoto, na hakuna anayeuliza wamemwibia nani. Siku ya kwanza nilirudi chumbani nikalia kwa kwikwi, kwa sababu kwetu Jinja nilimsikia kaka yangu akiuawa kwa kosa la kukimbia.

Sisi ni Wanubi, wajukuu wa askari walioletwa zamani kutoka Sudani. Ni Waislamu, nyumbani tunasema Kinubi na Kiswahili. Serikali ya kijeshi iliyowapendelea watu wetu ilipoanguka, majirani zetu wa Mafubira, mtaani kwetu Jinja, walitukumbuka. Sikatai, walikuwapo wa kwetu waliovaa miwani myeusi ya majasusi wa serikali hiyo na kuwafanyia watu unyama, na siwatetei hata leo. Lakini baba yangu alikuwa fundi baiskeli, na kaka alikuwa anajifunza ushonaji. Watu walikuja asubuhi na mapanga, wakaanza kung'oa mabati ya nyumba sisi tukiwa bado ndani. Baba alitoka kuongea nao, akapigwa mpini wa jembe kinywani kabla hajamaliza salamu. Mama akajitwika beseni la unga, akatuambia tutembee, tutembee tu, wala tusiharakishe.

Tukapita katikati yao. Mwanamke mmoja alimtemea mama mate usoni, na mama akaendelea kutembea huku mate yakimchuruzika. Kaka yangu akashindwa kuvumilia. Alichomoka kuelekea njia ya Budondo, na mara alipochanganya miguu, hata watu waliokuwa wamesimama kando wakitutazama tu wakapiga kelele: "Huyo! Anakimbia!" Walimfikia kwenye shamba la muhogo. Nilisikia mapanga yakishuka, mlio uleule wa mtu anayekata migomba. Mama hakugeuka. Alinishika mkono hadi kucha zake zikaingia kwenye nyama, na tukafika barabara kuu tukiwa watatu, baba, mama na mimi.

Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba kwetu anayekimbia ameshahukumiwa. Vizuizi vya askari vilivyofuata, miaka hadi miaka, vilikuwa na sheria hiyohiyo. Ukitembea unaulizwa kitambulisho, ukikimbia unaulizwa na risasi.

Vita vya miaka hiyo vilipopoa upande wetu nilirudi kutoka masomoni, nikapata kazi ya kufundisha Kiswahili katika chuo kikuu kimoja Mbale. Siku ya kwanza darasani mwanafunzi mmoja alisimama akasema kwamba Kiswahili chote anachokijua baba yake ni maneno mawili, "lala chini", na aliyafundishwa na askari aliyemkanyaga shingo. Darasa likacheka. Nikarusha dasta, ikampita sikioni, ikapasuka ukutani. Hasira ikageuka aibu, maana yule kijana hakuwa amesema uongo. Baadaye tulielewana, lakini yeye hakukaa tena safu ya mbele.

Nilikuwa nimeoa, na mke wangu, wa kwetu pia, anapika mpaka majirani wanasogeza viti. Kila asubuhi alinitengenezea gurusa, ile mikate yetu myembamba kama kitambaa, na mchuzi wa bamia kavu na nyama. Mimi niliongeza malewa, machipukizi ya mianzi ambayo Wagisu, wenyeji wa Mbale, huyakausha kwa moshi mlimani na kuyapika na karanga. Nilikuwa mteja wa mama mmoja aliyeyauza sokoni. Kwa ulaji huo, ama nikimbie, ama ninunue suruali mpya.

Nikakimbia. Kipupwe cha Mbale si theluji, lakini ukungu unaporomoka kutoka mwamba wa Wanale saa kumi na mbili asubuhi, na manyunyu yanakata masikio. Mke wangu alinisihi niache. "Hapa si huko kwa wazungu wako," alisema. "Hapa utaletwa kwenye mkeka." Nilimkaripia. Nilimwambia nchi imepona, watu wamesoma, vita vimekwisha. Niliyasema hayo nikifunga kamba za viatu, na moyoni nilijua kwamba kila nikikutana na watu zaidi ya wanne nilikuwa naacha kukimbia, natembea, hadi wapite.

Asubuhi ninayoieleza nilikuwa nashuka kutoka chini ya mwamba niliposikia hatua nyuma yangu. Alikuwa mwanamume wa makamo, pekupeku, ameshika kifurushi cha kitambaa kwapani. Akanifikia, akapunguza mwendo, akacheka.

"Mulembe, mwalimu!" alinisalimia kwa Kigisu; yeye alinijua, mimi sikumjua. "Na weye unakimbiaga? Mimi nafikiri ni sisi maskini tu."

"Unakwenda wapi mbio hivyo?"

"Soko ya vitunguu. Lori inafika sasa. Wa kwanza ndiye anapakua, wengine wanarudi nyumbani."

Tukakimbia pamoja, bega kwa bega, hatua mia mbili hivi. Tangu nirudi nchini hakuna aliyekuwa amekimbia kando yangu, na nilifurahi kitoto kabisa. Nilimwuliza anakaa wapi, akanyoosha kidevu juu mlimani. Kisha akakata kushoto kwenye kichochoro kinachoelekea sokoni, akapotea kwenye ukungu.

Dakika haikupita. Nikasikia filimbi, kisha kelele: "Mwizi! Mwizi! Ameenda na redio!" Watu wakatoka kwenye ukungu kama ishirini, wenye fimbo, wenye mawe, mmoja anaburura tairi kuukuu. Nilisimama papo hapo. Haikusaidia. Kofi la kwanza liliniangusha miwani, la pili likaniangusha mwenyewe. Mtu akanikanyaga kifuani, mwingine akauliza kwa nini navaa kaptura kama si mwizi. Nilijaribu kujieleza kwa Kiswahili changu kizuri, na hapo ndipo nilipoharibu zaidi.

"Sikia anavyosema! Huyu ni afande ya zamani! Ni Mnubi!"

Jiwe likanipasua juu ya jicho. Niliona tairi likiinuliwa, na nikajua ninavyokwenda kufa, kwa moto, tairi shingoni. Nikajikojolea. Naandika hili kwa sababu mtu asiyejua hali niliyokuwa nayo hataelewa nilichofanya.

Aliyeniokoa ni yule mama wa malewa. Alikuwa njiani kwenda sokoni na kapu lake. Akawasukuma kwa makalio na viwiko, akapiga kelele: "Nyinyi mko wazimu? Huyu mimi namujua! Ye ni mwalimu ya chuo. Kila siku anakimbia bure tu, hana akili, lakini si mwizi!"

Wakacheka. Ndiyo, walicheka, na mtu mmoja akaniinua, akanifuta matope mgongoni, akaniokotea miwani. Na yule mwenye tairi akaniuliza, sasa kwa heshima zote, "Basi, bwana mwalimu, umeona mtu anakimbia?"

Nilijua yule mtu si mwizi. Tulikuwa tumeongea. Katika mji mzima, mimi peke yangu nilijua kwamba mtu anaweza kukimbia bila kosa, nilikwenda mpaka nchi ya theluji kulijua hilo. Ningeweza kusema sikuona. Ningeweza kuwaonyesha barabara ya chini, hospitalini, popote. Lakini damu ilikuwa inaniingia jichoni, tairi lilikuwa bado mkononi mwake, na nilitaka wageuke, waniache, wawe na mtu mwingine. Nikanyoosha mkono kwenye kichochoro.

Nikaenda nyumbani. Nikamwambia mke wangu nimeanguka. Akanisafisha jeraha, akanitengea chakula, na nikala gurusa sita na bakuli zima la mchuzi, nikiangusha nyama mezani na kuiokota. Saa nne nilikuwa darasani, nafundisha.

Habari nilizipata sokoni mchana. Walimkuta mlangoni pa soko. Walimpiga kwa fimbo na vipande vya matofali, wakamvunja mguu wa kulia kwa kuurukia, watu wawili, kwa zamu. Askari polisi mmoja alipiga risasi hewani, la sivyo wangemwasha. Kifurushi kilipofunguliwa kilikuwa na viazi vitamu vya kuchemsha ndani ya jani la mgomba. Mama wa malewa alinieleza hayo huku akinifungia malewa yangu. Alidhani nafurahi kupona, akaniongezea fungu.

Kwetu mgonjwa hospitalini hulishwa na watu wake. Hospitali inatoa kitanda, na dawa zikiwapo. Mke wa yule bwana alikuwa mlimani, na mvua zilikuwa zimeporomosha njia, hakuna gari wala mguu uliopita. Siku ya tatu nilikwenda wodini kumwona. Uso ulikuwa umevimba hadi macho yamekuwa mistari, na wagonjwa wa jirani walikuwa wanampa ganda la juu la ugali wao. Akanitambua.

"Mwalimu! Na weye walikupiga?" Akagusa jicho langu kwa kidole. "Hawa watu ni wanyama. Mimi nilisema, huyu mwalimu naye watamukuta. Nililia juu yako."

Kesho yake nikaja na chakula cha mke wangu: gurusa, mchuzi, uji wa ulezi kwenye chupa ya chai. Alikula kwa mkono mmoja, maana mwingine ulikuwa umefungwa. Nikaja tena kesho yake, na kesho yake. Aliwaambia wodi nzima kwamba mimi ni mtu wa Mungu, Mwislamu anayemlisha Mkristo asiye ndugu yake. Manesi wakanisalimia kwa kuinama. Kila aliponisifu nilitamani kumpiga, na hasira hiyo nilikwenda nayo nyumbani, nikavunja sahani mbili na kumfokea mke wangu kuhusu chumvi.

"Wewe bwana," alisema bila kupandisha sauti, "ulimfanya nini huyo mgonjwa?"

Nikamwambia. Alikuwa anageuza gurusa kwenye bamba. Akaiacha ikaungua, kitu ambacho sijawahi kumwona akikifanya.

"Umwambie," alisema. "Nitapika kesho. Usipomwambia, kesho kutwa sipiki."

"Nikimwambia atakataa chakula. Hana mwingine wa kumlisha. Unataka afe?"

"Atakataa ama atakula, ni lake hilo. Wewe umeshamchagulia vya kutosha."

Nikaenda na bakuli. Ilikuwa siku ya nyama ya mbuzi. Nilimwacha aanze, kwa woga tu, nikifikiri kwamba akishaanza atakuwa amekula angalau kidogo. Kisha nikamwambia, kwa maneno machache, kwamba waliniuliza, na kwamba ni mimi niliyewaonyesha kichochoro.

Akaacha kutafuna. Alinitazama muda mrefu na yale macho yake yaliyokuwa yameanza kufunguka. Nilikaza shingo nikingoja bakuli linirukie usoni, na nilitaka linirukie. Nilitaka apige kelele, wodi nzima iniinukie, iwe ni zamu yangu.

"Lakini tulikuwa tunakimbia pamoja," alisema.

"Ndiyo."

"Nilikuambia ni lori."

"Uliniambia."

Akatazama chakula. Alikuwa na njaa, na mimi nilikuwa nimehakikisha ana njaa, maana siku ile nilichelewa kwa kujitia moyo langoni. Akavuta bakuli karibu na kifua, akamega gurusa, akachovya, akala. Alikula taratibu mpaka mwisho, machozi yanashuka kwenye ule uvimbe na kuingia kinywani pamoja na chakula, na mimi nilisimama pale kama askari wa lindo. Hakuna pigo nililopata maishani lililoniuma kama kumtazama akila.

Alipomaliza alinipa bakuli bila kuniangalia.

"Kesho usikuje weye," alisema. "Tuma mama."

Mke wangu alikwenda kila siku hadi njia ya mlimani ilipofunguka na mke wa yule bwana akafika. Walizoeana wale wanawake wawili, wakafundishana kupika. Jioni alirudi na bakuli tupu, akaniambia anaendeleaje, mguu umeunga upande, atatembea lakini mizigo hatabeba tena. Kila siku nilimwuliza kama ameniulizia. Kila siku alisema hapana, akaingia jikoni kupika chakula cha kesho.