Matanga Niliyoyanyima Betri

Watu wa kwetu Ndhiwa bado wananiita yule mwanamke aliyemnyima marehemu betri. Waniite. Mimi ndiye, na sijawahi kukana.

Miaka ya tisini nilikuwa fundi wa waya katika gereji moja ya Rodi Kopany, mwanamke peke yangu kati ya wanaume waliojaa grisi hadi kwenye nyusi. Siku moja tuliletewa karavani, nyumba ya bati jeupe yenye magurudumu mawili, ya kuvutwa na pikapu. Ilikuwa kliniki ya macho. Muuguzi na dereva wake walizunguka nayo kutoka Homa Bay hadi vilima vya Kegonga, na breki yake ya dharura ilikuwa imekufa.

Breki hiyo inategemea swichi ndogo tu, iliyofungwa mbele ya karavani na kuchomekwa pini. Pini imeshikwa na kebo nyembamba ya chuma, na ncha ya kebo hufungwa kwenye pikapu. Karavani ikichomoka njiani, kebo inang'oa pini, swichi inapitisha umeme, na magurudumu yanakamatwa.

Mzee mwenye gereji aliniambia nitoe umeme kwenye betri ya pikapu. Nikamwuliza, "Mzee, karavani ikichomoka, si pikapu itaenda na betri yake?" Akakuna kichwa, akaniachia kazi. Nikafunga betri nyingine ndani ya karavani, chini ya kitanda cha wagonjwa, nikavuta waya hadi kwenye swichi, na kutoka hapo hadi kwenye breki. Tukapiga jeki. Nikalizungusha gurudumu kwa mkono, nikang'oa pini, likakwama papo hapo. Nilirudia mara tatu ili kila mtu aone, maana nilijua kuna waliosubiri nishindwe.

Kesho yake mchana ndugu yangu, mtoto wa baba mdogo, alifika kwa baiskeli. Baba yake alikuwa amefariki. Niliangusha koleo, nikalia. Ukoo mzima uliposema waya ni kazi ya wanaume, baba mdogo ndiye aliyesimama akasema niachwe nijifunze.

Kwetu msiba ukitokea, betri za magari hukusanywa kwa ajili ya taa na spika. Gereji yetu haikuwahi kumnyima mfiwa. Hata betri ya gari la mteja ilifunguliwa, ikarudishwa baada ya mazishi, na mteja hakulalamika. Wiki hiyo zote zilikuwa zimeshatoka kwenda misiba mingine. Ilibaki ile ya karavani, na karavani ilikuwa iondoke asubuhi kwenda Kegonga.

"Nyaminwa, dada yangu, fungua hiyo," ndugu yangu akasema. "Karavani haina injini. Inataka betri ya nini?"

"Ya breki."

"Hiyo breki ni ya kama imechomoka. Na kama haichomoki?"

Nilikuwa nimewahi kuona trela ya miwa ikichomoka nyuma ya trekta kwenye mteremko, na mwisho wa mteremko mama mmoja alikuwa amepanga ndizi zake. Sitaeleza zaidi. Nilisema hapana.

"Nyathina, mwanangu, huyo marehemu ni baba yako," mzee wa gereji akanisihi. "Toa tu. Dereva ataenda pole pole."

Nikaingia ndani ya karavani, nikaketi juu ya kile kitanda, nikawaambia anayetaka betri aniondoe mimi kwanza.

Ndugu yangu alisimama mlangoni akiniangalia. "Baba alikupigania," akasema, "na wewe unamwacha kwa giza." Akapanda baiskeli yake, akaenda.

Nilikwenda mazishini. Usiku wa matanga iliwaka karabai moja tu ya mafuta. Hakuna aliyenipa kiti. Niliumia, sitasema uongo, lakini sikuomba radhi.

Najua unangoja nikwambie kwamba karavani ilichomoka kule Kegonga, breki ikakamata, muuguzi akapona. Haikuchomoka. Ilikwenda ikarudi salama, safari hiyo na nyingine nyingi, na pini yangu haikung'oka hata mara moja. Ndugu yangu alinikumbusha hilo kila tulipokutana.

Miaka miwili baadaye mama yangu akafariki. Siku moja kabla ya mazishi tulikuwa tunafunga turubai uani, betri za gereji zilikuwa kwenye misiba mingine, na katika ukoo wote hakuna aliyeleta yake. Karavani ikaingia. Dereva na muuguzi, waliowahi kumtibu mama macho, walikuwa njiani kwenda Homa Bay, wakapita kutupa pole.

"Dada, hatukuja na kitu," dereva akasema, tayari ameshika spana. "Chukua betri ya karavani. Mtaturudishia Jumatatu."

Ndugu yangu alikuwa upande wa pili, ameshika kamba ya turubai, akanitazama. Nilijua anangoja nini. Na niliitaka ile betri, Mungu ananijua. Nilitaka mama yangu aagwe kwa taa na nyimbo kama mama za wengine.

"Rudisha spana," nikamwambia dereva. "Mna miteremko mbele yenu."

Nikainama mwenyewe, nikaikagua pini, nikaifunga kebo vizuri kwenye pikapu. Nilipoinuka ndugu yangu hakuwepo, na kamba yake ilikuwa imefungwa tayari.

Jua lilipokuwa linazama alirudi amebeba karabai, ileile moja iliyowaka kwenye matanga ya baba yake. Akaijaza mafuta, akaipiga pampu, akaitundika mlangoni kwa mama. Kisha akanivutia kiti.